Kanisa la Kwanza Tunalolitafuta Bukavu

Hapa Bukavu haipiti Jumapili bila mhubiri fulani, awe Panzi, Kadutu au Bagira, kuwatangazia waumini kwamba kanisa limeacha njia na kwamba dawa yake ni moja tu: kurudi kwenye kanisa la kwanza, lile la Matendo ya Mitume. Mimi ni mtoto wa kanisa la Kipentekoste, nimelelewa na mahubiri hayo tangu shule ya Jumapili, na sijayachoka. Naamini kwamba kanisa lisilokubali kupimwa na mwanzo wake litapimwa na kitu kingine, aghalabu fedha au ukubwa wa jengo. Ninachotaka kukijadili hapa ni namna tunavyopima. Kwa maoni yangu, kila kundi linalodai kulirudisha kanisa la kwanza huliona kanisa hilo kupitia ugomvi uliolizaa kundi lenyewe, na sisi wa Kivu tumerithi majibu ya ugomvi wa watu wengine, huku swali letu wenyewe, ambalo limeandikwa wazi katika Matendo sura ya 6, likibaki bila kuguswa.

Tuanzie Zürich, Uswisi, tarehe 21 Januari 1525, siku ambayo Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Ulrich Zwingli, aliyeongoza matengenezo ya kanisa mjini humo, alitaka kulirekebisha kanisa lililokuwepo kwa kushirikiana na baraza la mji. Grebel na wenzake waliona kwamba lililokuwepo halirekebishiki, na kwamba lililobaki ni kulianza upya kama mitume walivyolianza, kwa watu waliochagua wenyewe kuamini. Miaka miwili baadaye, Januari 1527, mwenzao Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat kwa amri ya baraza hilo hilo. Hawa waligombana na wakubwa wao juu ya ubatizo wa watoto wachanga na juu ya mkono wa serikali katika mambo ya imani, na hayo mawili ndiyo yaliyowajia machoni kwanza kila walipofungua Agano Jipya.

Karibu miaka mia tatu baadaye, huko Marekani, ugomvi ulikuwa mwingine. Nchi ilikuwa changa na ilijaa madhehebu yaliyohamia kutoka Ulaya na mabishano yao yote, kiasi kwamba Wapresbiteri wa aina mbili waliokaa kijiji kimoja hawakuweza kushiriki meza moja ya Bwana. Mwaka 1801, mahali paitwapo Cane Ridge katika jimbo la Kentucky, maelfu ya watu walikusanyika kwa ibada ya siku nyingi, na mchungaji wa hapo, Barton Stone, aliona Wabaptisti, Wamethodisti na Wapresbiteri wakihubiri bega kwa bega. Mwaka 1804 yeye na wenzake waliivunja halmashauri yao ya kikanisa kwa hati waliyoiandika kama wosia wa mtu anayekufa, ili wabaki Wakristo tu bila jina la pembeni. Thomas Campbell naye, mwaka 1809, aliweka kanuni ambayo wafuasi wake wanaikariri hadi leo: Maandiko yanaposema, tunasema, na yanaponyamaza, tunanyamaza. Makundi hayo mawili yaliungana mwaka 1832. Inasikitisha kusoma yaliyofuata, kwa sababu watu wale walioacha kila kitu ili kumaliza mafarakano waligawanyika wao wenyewe juu ya ukimya wa Maandiko: je, kwa kuwa Agano Jipya halitaji kinanda katika ibada wala chama cha kutuma wamisionari, vitu hivyo vimeruhusiwa au vimekatazwa? Sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906 iliwahesabu kama makanisa mawili. Wakati huo tawi moja lilikuwa tayari limefika Kongo, kwenye kituo cha Bolenge karibu na Mbandaka ya leo, tangu mwaka 1899.

Karne hiyo hiyo ilizaa na wengine ambao sisi Wakongomani tunaishi nao mtaani. Joseph Smith alianzisha kanisa lake, la Wamormoni, mwaka 1830 akifundisha kwamba mamlaka ya ukuhani yaliondoka duniani yakarudishwa kupitia kwake, na hekalu la kanisa hilo lilizinduliwa Kinshasa mwaka 2019. Waadventista walitokana na watu waliomngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na katika kusoma upya Biblia yao wakairudisha Sabato. Leo wana chuo kikuu Lukanga, upande wa Butembo. Mashahidi wa Yehova wanatokana na darasa la Biblia la Charles Taze Russell huko Pennsylvania. Sitakaa hapo, kwa kuwa kila mmoja wao anastahili makala yake. Itoshe kusema kwamba kila kundi lilikuta katika kanisa la kwanza kitu kimoja ambacho majirani zake walikuwa wamekikosa, na kitu hicho kikawa ndilo jina lake.

Habari inayotuhusu sisi moja kwa moja inaanzia Los Angeles mwaka 1906, katika jengo duni la mtaa wa Azusa, ambapo William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliongoza ibada za watu weusi na weupe pamoja, wakinena kwa lugha na kuombea wagonjwa. Huduma yao waliiita Imani ya Mitume, nao walimaanisha hivyo hasa: waliamini kwamba siku ya Pentekoste haikuisha. Thomas Ball Barratt, mchungaji wa Kimethodisti kutoka Norwe, alikuwa New York mwaka huo akitafuta fedha za kazi yake, akasikia habari hizo, na akarudi nyumbani mwezi Desemba akiwa na moto mwingine kabisa. Mapema mwaka 1907 mchungaji kijana wa Kibaptisti wa Uswidi, Lewi Pethrus, alisafiri kwenda kumwona.

Pethrus ndiye ninayeomba msomaji amkumbuke, maana bila yeye huwezi kuelewa kwa nini makanisa ya Kivu yako kama yalivyo. Mwaka 1913 kanisa lake la Filadelfia, Stockholm, lilifukuzwa katika umoja wa Wabaptisti wa Uswidi kwa sababu liliwakaribisha kwenye meza ya Bwana watu waliobatizwa kwa maji mengi bila kuwa washirika wa kanisa la Kibaptisti. Kutokana na jeraha hilo Pethrus na wenzake walizidi kushikilia fundisho moja: kwamba katika Agano Jipya hakuna makao makuu, hakuna askofu wa maaskofu, hakuna umoja wenye uwezo wa kulifukuza kanisa la mahali, lililopo ni kanisa la Antiokia, kanisa la Korintho, kanisa la Filipi, kila moja likiwa chini ya Kristo na wazee wake. Walilishika kwa uthabiti kiasi kwamba mwaka 1929 walikivunja hata chombo walichokuwa wamekiunda cha kuratibu misheni, ili kila mmisionari atumwe na kanisa lake la nyumbani tu.

Wamisionari wa Kipentekoste wa Uswidi na Norwe walifika Uvira mwaka 1921. (Mwaka huo huo, upande wa pili wa nchi, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba mwezi Aprili, Septemba alikamatwa, na alikufa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Yeyote anayesimulia jinsi mambo ya mitume yalivyorudi Kongo asimwache nje, hata kama mafundisho ya kanisa lake si yetu.) Kutokana na kazi ya Waswidi tukapata CEPAC, yaani Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste katika Afrika ya Kati, na kutokana na ile ya Wanorwe tukapata CELPA, yaani Jumuiya ya Makanisa Huru ya Kipentekoste katika Afrika, zote mbili zikiwa na mizizi mirefu hapa Kivu ya Kusini. Hospitali za Lemera, Kaziba na baadaye Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni matunda ya mti huo.

Sasa tazama kilichoipata ile ndoto ya kanisa la mahali lisilo na makao makuu. Serikali ya kikoloni ilihitaji kila misheni iwe na mtu wa kujibu kwa niaba yake. Baada ya uhuru, mwaka 1970, baraza la Waprotestanti liligeuzwa kuwa kanisa moja, Kanisa la Kristo katika Kongo, na sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikaibana zaidi hali hiyo: Waprotestanti walitambuliwa kupitia mlango huo mmoja tu, na misheni zilizokuwa huru zikawa jumuiya ndani yake, kila moja na namba yake. Ndiyo maana vibao vya shule na vituo vya afya katika mji wetu vimeandikwa 5e CELPA au 8e CEPAC, na ndiyo maana watu waliofundishwa kwamba Filipi haikuwa na bosi Yerusalemu wana mwakilishi wa kisheria mwenye ofisi, mhuri na sahihi. Sisemi haya kwa kulaumu. Bila mwakilishi huyo hakuna hati ya kiwanja, hakuna mshahara wa mwalimu, hakuna dawa inayovuka mpaka kwa jina la kanisa. Ninalosema ni kwamba wazee wetu walipokea kutoka Uswidi jibu la swali lililoulizwa Stockholm, na serikali yao ikawapa swali jingine ambalo Pethrus hakuwahi kuulizwa.

Hapo ndipo mianzo miwili, ule wa mitume na ule wa wamisionari, ilipochanganyika. Nilipomwuliza mchungaji mmoja mstaafu, mzee aliyebatizwa na wamisionari akiwa kijana, kanisa la kwanza lilikuwaje, alinijibu bila kusita: «Mwanangu, lile lilikuwa kanisa. Kengele ikilia watu wamekwisha kukaa, wanawake wamefunika vichwa, hakuna gitaa la umeme, hakuna mtu wa kucheza mbele ya madhabahu.» Nilimsikiliza kwa heshima yote, na nilimpenda kwa uaminifu wake, lakini nilielewa kwamba kanisa alilokuwa akilieleza lilikuwa la kituo cha misheni na wala si la Yerusalemu. Kufunika kichwa kumo katika Wakorintho wa Kwanza, kweli. Kengele ya shaba na ukimya wa Kiswidi havimo. Vijana wanaomkosoa nao hawajafika mbali zaidi, kwa kuwa wanachokiita kurudi kwa mitume mara nyingi ni mkesha, vipaza sauti na mtu aliyejipa cheo cha mtume, vitu ambavyo walivipokea kutoka Kinshasa au Lagos miaka michache iliyopita.

Kuna jambo ambalo tumelitunza vizuri, na ni ubatizo. Asubuhi ya ubatizo kwenye ufuko wa ziwa Kivu ni kitu ambacho singependa mtoto wangu akikose. Watahiniwa husimama kwa mstari, wamevaa kanzu nyeupe juu ya nguo zao, na akina mama wameifunga mikunjo ya chini ya kanzu za wasichana ili maji yasizipandishe. Wachungaji wawili huingia na viatu vikuukuu kwa sababu ya mawe makali, wakipapasa kwa miguu hadi maji yafike kiunoni. Akina mama wengine hunyoosha vitenge kuwa ukuta, ili aliyetoka majini abadilishe nguo bila kuonekana. Mtu huulizwa mbele ya wote kama anamwamini Yesu, hujibu kwa sauti yake mwenyewe, huzamishwa mara moja, na kabla hajafuta macho wimbo umekwisha kupaa. Grebel angeutambua ubatizo huu, na Campbell pia.

Hata hivyo, katika maandishi ya Kikristo ya zamani sana, pengine ya mwishoni mwa karne ya kwanza, yanayoitwa Didake na ambayo askofu Philotheos Bryennios aliyakuta Konstantinopoli mwaka 1873, kuna maelekezo ya ubatizo ambayo yanatulegeza kidogo shingo. Yanasema ubatize katika maji yanayotembea. Kama huna, katika maji mengine. Kama huwezi kwa maji ya baridi, basi ya moto. Na kama huna ya kutosha, mimina juu ya kichwa mara tatu. Nimesikia mabishano makali, ndani ya familia moja, kati ya ndugu aliyebatizwa ziwani na ndugu aliyemiminiwa akiwa kitandani hospitalini. Sioni kwamba Wakristo wa zamani wale wangewatenganisha.

Sasa nifike kwenye sura ya 6. Luka anatuambia kwamba katika kanisa lile lile tunalolitamani, lililokuwa na mitume kumi na wawili walio hai, kulizuka manung'uniko: Wayahudi waliosema Kigiriki waliwalalamikia Waebrania kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Tuliseme kwa lugha yetu ya Kivu. Watu wa lugha moja walishika chakula, na watu wa lugha nyingine hawakufikiwa. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba katika Kristo hakuna kabila, jambo ambalo ni kweli na ambalo sisi tunalisema upesi mno. Waliita mkutano wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na mkutano ukawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Jina peke yake halithibitishi kila kitu, maana hata miongoni mwa wale Kumi na Wawili Andrea na Filipo walikuwa na majina ya Kigiriki, lakini orodha nzima ikiwa hivyo ni vigumu kukwepa maana yake: kanisa liliukabidhi mgawo kwa watu wa upande uliokuwa umesahauliwa, na liliwaamini wawagawie hata Waebrania. Aya inayofuata inasema neno la Mungu likaenea. Na wawili kati ya hao waliowekwa mezani, Stefano na Filipo, ndio wanaozijaza sura mbili zinazofuata kwa mahubiri yao.

Nani kati yetu anahubiri kurudi huko? Katika mkoa wenye Bashi, Barega, Bahavu, Bafuliiru, Bavira, Babembe na Banyamulenge, kila mkutano mkuu wa kanisa unapochagua viongozi, watu huhesabu viti kwa makabila huku vinywa vikiimba umoja. Tunaweza kukesha tukibishana kama kunena kwa lugha ni dalili ya lazima ya Roho, na asubuhi yake tukagawana ofisi kwa kilima anakotoka mtu. Mwaka 1525 swali lilikuwa maji. Stockholm lilikuwa meza na uhuru wa kanisa la mahali. Kivu, nasema bila kuogopa, swali ni nani anashika orodha.

Niliona hilo kwa macho yangu Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku chache baadaye, amri ya kuhama ilipotolewa Goma, boti zilileta watu wengi hapa Bukavu. Makanisa yalifunguliwa. Katika ukumbi mmoja ambamo nilikwenda kusaidia, magunia ya maharagwe na unga yalikuwa yamepangwa ukutani, mzee mmoja alisoma majina kutoka daftarini, na kijana alipima kwa kopo. Ikafika saa nane. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango na watoto watatu alisema, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika: «Baba, majina yanasomwa, ila ya kwetu hayafiki.» Ilikuwa kweli. Daftari lilikuwa limeandikwa na watu waliowajua jamaa zao, na waliwaanza hao, pengine bila nia mbaya. Mzee yule hakubisha wala hakumkemea. Alifunga daftari, akampa, akamwambia achague mwenzake mmoja waandike upya kuanzia mlangoni. Wale mama wawili waligawa hadi jioni, na nilishuhudia kwamba waliwaita kwanza watu wasiowajua.

Hakuna aliyekiita kitendo kile urejesho wa kanisa la mitume, na siku ile hapakuhubiriwa neno. Lakini mimi tangu hapo nikisoma aya za kwanza za sura ya 6 siwezi kuzisoma kama utangulizi tu wa habari za Stefano.

Maandishi ya kale yanatusaidia pia kuhusu mitume wa leo. Didake inaelekeza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana, akae siku moja, au siku mbili ikibidi. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha alalapo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Ningefurahi sana kuona wanaotaka kuturudishia cheo cha mtume, kwa hoja ya Waefeso 4:11, wakiturudishia na masharti hayo. Justino naye, mwalimu wa Kikristo aliyeandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza ibada ya Jumapili jinsi ilivyokuwa: kumbukumbu za mitume na maandiko ya manabii husomwa, msimamizi huonya, wote husimama kuomba, mkate na kikombe hutolewa na mashemasi huwapelekea wasiokuwepo, na wenye uwezo hutoa kila mtu apendavyo. Kinachokusanywa huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Katika maelezo hayo fedha zina aya yake, na kila mwenye kuzipokea anatajwa.

Paulo anapomwandikia Timotheo anazungumzia wajane wa kuandikwa, wasiopungua miaka 60, yaani kanisa lilikuwa na daftari la majina. Daftari kama hilo tunalo katika parokia yetu. Linashikwa na akina mama, lina majina ya wajane, wagonjwa na waliokimbia vita kutoka vijijini, na mbele ya kila jina kuna tarehe ya mwisho ya kutembelewa na kilichopelekwa: sabuni, chumvi, unga, au maombi tu pale ambapo mkono ulikuwa mtupu. Nimependekeza kwa kamati mambo mawili: kwamba daftari hilo lisomwe kanisani mara moja kwa mwezi, kabla ya mahubiri, pamoja na hesabu ya sadaka iliyotolewa kwa ajili yake, na kwamba kati ya wanaolishika wawepo daima wawili kutoka kwa watu waliofika mwisho katika parokia, bila kujali lugha yao ya nyumbani. Jambo la kwanza limekubaliwa. La pili limeahirishwa hadi kikao kijacho, kwa kuwa baadhi ya wazee wanaona kwamba wageni hawawezi kukabidhiwa mali ya kanisa kabla hawajafahamika, na nimejiandaa kuwajibu kwa kuwasomea orodha ile ya majina saba, hasa la mwisho, ambalo ni la mgeni kutoka Antiokia.